Ujumbe Wako Umefika

Kitufe kilikuwa peke yake katikati ya skrini nyeupe. Hapakuwa na picha wala maandishi ya kukizunguka. Kilikuwa cha kijani, kimeandikwa TUMA.

"Na tovuti yenyewe iko wapi?" Chrispine aliuliza, akiinama juu ya bega la Mellen.

"Bado. Nakijaribu hiki peke yake kwanza," Mellen alijibu. "Mkulima akishaongea, anabonyeza hapa, anapelekwa kwenye ukurasa wa kumwambia ujumbe wake umefika. Sasa huo ukurasa hapa haupo, kwa hivyo nimekidanganya. Nimekiwekea njia za bandia, na maneno ya bandia mwisho wake. Anwani itabadilika hapo juu, kitufe kitaamini kimeenda, kumbe hakijatoka hapa mezani."

Tovuti ilikuwa ya wakulima wa Lambwe na Kosele, ambao walipenda kuuliza maswali yao ya mbegu na mifugo kwa sauti kuliko kuandika. Ofisi yao ndogo mjini Homa Bay ilikuwa imehangaika nayo kwa miezi kadhaa. Tuseme ukweli, Mellen ndiye aliyehangaika nayo. Chrispine alivaa tai wiki iliyopita akaenda Migori kuwaonyesha viongozi wa ushirika wa wakulima hao, akasema "nilifikiria" na "niliamua" mpaka wakasimama kumpigia makofi. Madam Kultum, mwenye kampuni, alipiga makofi kuliko wote. Mellen aliyaona hayo kwenye video, katika simu yake, akiwa amekaa kwenye kiti hikihiki.

Hakuwahi kumuuliza Chrispine kitu.

"Hebu jaribu," alimwambia sasa, akimsogezea maikrofoni. "Ongea chochote."

Ilikuwa saa ya chakula na wenzao wote walikuwa wametoka. Chrispine naye alikuwa na kipaji kimoja cha kweli, kuiga sauti za watu. Alikohoa, akabana pua.

"Hamjambo vijana wangu. Mimi ni Madam Kultum. Nina kompyuta ya bei kali sana, na kazi yake ni kuwekea kikombe cha chai."

Mellen alicheka mpaka akashika meza. "Endelea! Mwambie na ya Migori."

"Madam," Chrispine akasema kwa sauti yake mwenyewe, mzaha ukiwa umemnogea, "ile kazi uliyonipigia makofi, mimi sikuandika hata mstari mmoja. Yote ni ya Mellen. Yangu ilikuwa tai."

Akabonyeza TUMA. Anwani juu ya skrini ikabadilika. Kitufe kikatoweka, na mahali pake yakatokea maneno: Asante. Ujumbe wako umefika.

"Safi!" Chrispine alisema.

Mellen hakuwa akicheka tena. Aliusogeza uso karibu na skrini, akasoma, akasoma tena.

"Chris, ngoja. Hii si ile niliyojaribu asubuhi."

"Ati?"

"Zile njia za bandia. Nilizitoa kabla hujaja, nikasahau kuzirudisha. Hii imeenda kweli."

"Imeenda wapi?"

"Wakati huu wa majaribio, kila ujumbe unaingia kwa simu ya Madam."

"Yawa, Mellen! Futa!"

"Ukishafika ni wake. Siwezi kuugusa."

Chrispine alimpigia Madam Kultum. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Alitoka hadi kwenye ngazi, akarudi, akakaa, akasimama. Angesema kuna mtu aliyeiga sauti yake? Lakini mwigaji wa ofisi ile alikuwa nani kama si yeye?

"Unajua vile Madam hapendi kuzungushwa," Mellen alisema polepole. "Akikuita, usingoje akuulize. Mwambie yote mwenyewe. Labda atakuonea huruma."

Madam Kultum alirudi kutoka sala ya adhuhuri akiwa na waya za simu masikioni. Alipita kati ya meza bila kumsalimia mtu, yeye ambaye huuliza mpaka hali ya watoto. Mlangoni mwa ofisi yake akageuka.

"Chrispine. Njoo, na ufunge mlango."

Ndani, kikombe cha chai kilikuwa juu ya kompyuta. Simu ilikuwa mezani, ikiwaka.

"Keti," Madam alisema. "Nimetoka kusikia mambo yako sasa hivi. Nimeona ni heri tuongee sisi wawili kabla wengine hawajajua."

Chrispine hakuketi.

"Nisamehe, Madam. Ya kikombe ilikuwa mchezo tu, sikumaanisha. Lakini ile ya Migori ni kweli. Tovuti ile ni ya Mellen, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikariri maelezo yake asubuhi ile nikiwa njiani. Walipouliza ni nani mwingine aliyehusika, nikasema niko peke yangu, na wewe ukasikia. Nimekudanganya na nimemwibia mwenzangu. Hiyo sauti uliyoisikia ni yangu, siwezi kukataa."

Cha ajabu, alijisikia mwepesi. Alisubiri afokewe.

Madam Kultum alichomoa waya kutoka sikio moja, halafu la pili.

"Sauti gani?" Aliishika simu, akaifungua sehemu ya ujumbe wa wakulima, akamgeuzia aone. Ilikuwa tupu. Kumbe hakuna kilichotoka mezani kwa Mellen. "Mimi nilikuita nikuambie ushirika umepiga simu, wanataka wewe uongoze mradi wote. Na nilitaka kukuuliza kama huyu Mellen anafaa kuwa msaidizi wako."