Mgeni wa Siku ya Tatu

Siku ya tatu tangu Bi Siwema atoke eda, shemeji yake Mbaruku alikuja na ndugu wawili wa ukoo, wakaketi barazani. Kahawa aliyowatengea hawakuigusa.

“Shemeji,” Mbaruku alianza, macho yake yakiwa kwenye paa la nyumba, “wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba hii ni ya marehemu kaka yetu. Wewe ulikuja tu.”

Alikuja tu. Miaka thelathini na mmoja, na udongo wa kuta hizo aliukanda kwa miguu yake mwenyewe.

Bi Siwema hakulia wala hakubishana. Alijifunga kibwebwe, akasimama mbele ya shemeji yake na kunyoosha mkono.

“Haya, nipe.”

“Nikupe nini?”

“Jembe. Wahenga hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema apewe jembe.”

Ndugu mmoja alijikohoza ili kuficha kicheko. Basi Bi Siwema akaingia ndani, akatoka na jembe lake lenye mpini uliolainika kwa viganja vyake, na mche wa mnazi. Akaanza kuchimba hapo hapo mbele ya baraza.

“Mnazi huo utazaa lini, nawe umri huo?” Mbaruku aliuliza.

“Miaka sita, saba,” alijibu bila kuinua kichwa. “Sogeza mguu, shemeji. Umekanyaga shimo langu.”

Mbaruku aliutazama mguu wake. Udongo ulikwisha kufika kwenye kifundo.