Baiskeli ya Somoe

Kila asubuhi Havijawa alimbeba mgongoni binti yake Somoe, aliyepooza miguu tangu uchanga, akampeleka shule iliyokuwa ng'ambo ya mji. Mtoto alizidi kukua. Sasa mama alipumzika kila penye ukuta wa kuegemea.

Fundi mmoja sokoni alikuwa ameunda baiskeli ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono. Bei yake haikupungua bei ya ng'ombe wa maziwa, na wao ng'ombe walikuwa naye mmoja tu.

"Tukimuuza tutaishije?" aliuliza mumewe, Sefu.

"Mgongo wangu umechoka, Baba Somoe."

"Basi nitambeba mimi."

Akambeba wiki nzima. Jumamosi akamfungua ng'ombe zizini akaondoka naye kwenda mnadani.

Jumatatu Somoe alikaa kwenye baiskeli mpya, begi la madaftari mapajani. Havijawa akapita nyuma amsukume.

"Niache, mama. Nataka mwenyewe."

Baiskeli ikaondoka ikiyumba, kisha ikanyooka. Kwenye kilima cha kinu cha kusagia ikasimama, ikarudi nyuma kidogo. Havijawa alishajifunga kanga kiunoni akimbie, Sefu akamshika mkono.

"Ngoja," alisema.

Wakabaki wamesimama hapo mlangoni kwao. Kule kilimani mabega ya Somoe yaliinama mbele, na magurudumu yakaanza tena kuzunguka, taratibu mno hata usingejua kama yanapanda au yanashuka.