Medali ya Tatu

Tusekile alipovishwa medali yake ya tatu ya vijana wakulima, hakuna aliyepiga vigelegele kumshinda mama yake, Subilaga. Jioni ileile, kwa sheria ya huko inayompa kijana mwenye medali tatu mamlaka juu ya wazazi wake, binti huyo wa miaka kumi na sita akawa mkuu wa kaya.

Hakuwa na makuu. Alipanga upya migomba, akamnunulia mama viatu, na kila Jumapili akaendesha kikao cha nyumbani kama alivyofundishwa: anayetaka kusema hunyoosha mkono.

Jumapili hii walimjadili Maua, ng'ombe wao mzee.

“Hana maziwa tena, mama, na majani anamaliza,” alisema Tusekile kwa upole. “Kesho lori la machinjioni litamchukua.”

Subilaga alinyoosha mkono. “Maziwa yangu yalikauka ukiwa na miezi miwili. Maua ndiye aliyekulea.”

Machozi yakamlengalenga Tusekile. Akayaandika maneno ya mama yake yote, bila kuruka hata moja.

“Nimekusikia, mama. Lakini lori litakuja.”

Subilaga aliinuka. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu masika, lakini alijitwisha ndoo kubwa ya maji iliyokuwa mlangoni, akapita nayo wima mbele ya binti yake, ili aonekane bado ana nguvu za kazi.