Msichana wa Ukuta wa Kushoto

Mama Makayabu alipita mbele ya picha ile mara tatu, akijifanya anatafuta mlango wa kutokea. Mara ya nne alisimama.

Msichana wa kwenye picha alikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Gauni jeupe, mikono nyuma, macho yamefinywa kwa jua. Viatu vilikuwa vya kuazima, vya binti wa pasta, na vilibana. Chini, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *Léontine, wa Djugu. Hakurudi.*

Mjini Bunia alikuja kununua chumvi, si kutazama picha. Kule Tchomia, kando ya ziwa, kazi yake ilikuwa kupasua samaki na kuwatia chumvi, ndiyo maana watu walimpa jina la Makayabu, wala hakuna aliyemuuliza jina jingine. Kila mwezi alifika Ijumaa, akanunua vitu vyake, na Jumamosi akapanda gari la kurudi. Safari hii, mtu wa moto, pikipiki ya kukodi, aliyembeba alimwambia kwamba karibu na soko wamefungua mize, makumbusho ya watu waliopotea wakati wa vita. Ni ya siku tatu tu, na haifungwi hadi saa nne za usiku, ili watu wa kazi nao wapate kuona. Aliingia kwa sababu ya mvua.

Sasa mvua ilikuwa imekatika, na miguu haikutaka kutoka.

Emerance, dada aliyelinda chumba, alimsogelea polepole, akamuuliza kama anamfahamu yule wa kwenye picha.

"Nilimujua," akasema Mama Makayabu. "Nani alileta hii picha?"

Emerance hakujua. Picha zilitoka katika maparokia, ndani ya makartoni, nyingi bila jina la aliyezileta. Ila tangazo lilikuwa limesomwa makanisani: wenye picha waje kuzichukua kabla ya Jumapili usiku.

"Na kama mwenyewe hakuya?"

"Basi itabakia mu kartoni, mama."

Usiku huo alilala mtaa wa Bigo kwa Gracieuse, mteja wake wa samaki, na hakumwambia neno. Alikesha akiwakumbuka watu wa nyumba ile ya Djugu mmoja mmoja. Walikuwa saba. Vita vilipowafikia, yeye alikimbilia ziwani, akavuka hadi Uganda. Aliporudi, miaka mingi baadaye, alikuta majani yamemea mpaka mlangoni, na jirani mmoja akamwambia wote walikwisha. Tangu siku ile alipikia sufuria ndogo, na hakuuliza tena.

Kumbe kuna mtu aliyeitunza picha. Au labda mpita njia tu aliyeiokota. Alizungusha mawazo hayo mawili hadi majogoo wakawika.

Jumamosi alinunua mifuko miwili ya chumvi, sabuni, kisu na ndoo. Gari la Tchomia likaondoka bila yeye. Akalizunguka soko tena, sasa hana haja ya kitu, anasukuma saa tu. Kwa muuza vioo alikichukua kimoja, akajitazama kwa muda mrefu: mashavu yaliyobabuka kwa jua la ziwa, pengo la meno mawili. Muuzaji akamuuliza anatafuta nini mule ndani. Akakirudisha mahali pake.

Usiku mize ilijaa. Mama mmoja alimkuta mume wake, akakibusu kioo cha picha. Vijana wawili walimkuta nyanya yao, wakakaa chini palepale sakafuni. Lakini kwenye ukuta wa kushoto hakuna aliyesimama. Watu walimpita Léontine kama wanavyopita mlango wa nyumba wasiyoijua. Mama Makayabu aliutazama kila uso ulioingia, na kila ulipompita Léontine alihisi baridi. Saa nne Emerance akazima jenereta.

Jumapili mchana alirudi tena madukani, akanunua sahani ya pili. Hakujua ya nini. Akaona aibu, akaificha chini ya chumvi.

Jioni ile kuta zilianza kuwa tupu. Misumari ilibaki peke yake. Saa tatu na nusu zilikuwa zimesalia picha nne, na Emerance alikwishaleta kartoni.

Ndipo akaingia mwanaume mmoja, matope hadi magotini. Umri wake haukuzidi sana thelathini, lakini mvi zilikuwa zimemwahi. Aliomba msamaha kwa kuchelewa. Moto ilikuwa imewaharibikia njiani. Emerance akamuuliza ni picha gani. Akaonyesha ukuta wa kushoto.

Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba usiku ule wa kukimbia alikuwa na miaka tisa, na picha ile ndiyo kitu pekee alichokitia ndani ya shati. Watu wenye mapanga walikuwa nyuma yao.

"Yeye ndiye alinisukuma mu majani," akasema. "Halafu akakimbia upande ingine, akipiga kelele, ili wamufuate yeye."

Mwanaume akatoa mfukoni buji, mshumaa mweupe uliopinda kidogo, akauwasha. Alitaka kuuweka sakafuni chini ya picha, lakini Mama Makayabu alikuwa amesimama palepale, hasogei.

"Samahani, mama, uniachie nafasi kidogo," akamwambia kwa heshima. "Ni ya dada yangu."

Mama Makayabu aliutazama uso wake katika mwanga wa mshumaa.

"Zima ile buji, Fabien," akasema. "Sikukufa."