Mwana Nyota

Binti zangu ni Mwanaidi, Mwanakombo na Mwanahawa. Daftari la serikali linawaandika mara moja tu: Mwana*. Majina yanayofanana ndani ya nyumba moja huachiwa kipande kinachofanana, na kilichobaki hufunikwa kwa nyota. Tulizoea. Hata mama yao siku hizi huita "Mwana!" na aliye karibu anakuja.

Jumanne alfajiri Mwanahawa alifariki kwa homa. Nilikwenda kuomba kibali cha kuzika.

"Pole, mzee wangu, lakini Mwana nyota yupo hai," karani alisema. "Kadi yake imesomwa shuleni saa mbili."

"Huyo ni Mwanakombo, alikwenda kutoa taarifa ya msiba."

"Ndani ya nyota sioni. Nikibonyeza amefariki, wanafariki wote watatu. Shule, dawa, kila kitu kinakatika. Nibonyeze?"

Nikamwambia aache.

Makaburini hawapokei maiti bila kibali, kwa hiyo tulimzika nyuma ya jiko, mimi na shemeji yangu. Kwenye kibao niliandika kile kilichofunikwa na nyota: Hawa.

Mke wangu alikitazama sana. "Baba Mwanaidi, mtu akipita atasoma 'hawa', kana kwamba wamelala wengi. Si ungeandika jina lote?"

"Mwana yupo hai," nikamjibu. Nilikuwa nimechoka.

Aligeukia nyumba akaita aletewe maji, na safari hii aliita jina zima.

"Mwanakombo!"

Binti zetu wote wawili walikuwa ndani, wamezoea kuitwa Mwana. Hakuna aliyeitika.