Jino Katika Mdomo Uliofumbwa

"Mama, mshairi ana maana gani anaposema tumaini ni jino katika mdomo uliofumbwa?" binti aliuliza, daftari likiwa juu ya meza ya cherehani.

Mama alikuwa amelikariri shairi hilo tangu utotoni, na hakuwahi kulielewa. "Jino ni jino tu, mwanangu. Andika kwamba linauma."

Baba akaingia, akafunga mlango kwa ufunguo. Aliliona begi la nguo nyuma ya cherehani. Alimkaba mkewe shingo, akambamiza ukutani mara mbili.

"Ulitaka kunikimbia, siyo?"

Mama akapiga yowe la kuita majirani. Baba akamziba mdomo kwa kiganja chake cha fundi magari, kinachonuka oili, akagandamiza mpaka midomo ikapasuka kwa ndani. "Nyamaza! Unanitia aibu kwa watu."

Binti aliyaona macho ya mama yakimtoka pima. Kisha yakatulia ghafla, kama ya mtu aliyekumbuka alikoweka kitu.

Kidole gumba cha baba kiliteleza kidogo. Mama akauma.

Aliuma mpaka meno yakagota mfupa. Baba alipiga magoti akilia kama mtoto, damu ikarukia daftari, ufunguo ukamdondoka. Mama hakuachia.

Binti aliuokota ufunguo, akafungua mlango, akabeba begi. "Mama, tayari."

Mama alikiachia kidole, akatema damu juu ya daftari.

"Jibu lako hilo," alisema. "Twende. Viatu utavaa njiani."