Wino wa Nyamizi

Nyamizi alikuwa ameshachovya dole gumba kwenye wino mtafiti alipomsogezea fomu.

"Weka hapa tu, mama. Unakubali tumjaribie mtoto dawa mpya."

"Na nikikataa, daktari, atatibiwa kama wengine?"

"Bila shaka. Imeandikwa humu."

"Yule dada aliyekataa asubuhi, mbona bado yuko nje kwenye benchi na mwanawe?"

Mtafiti alitazama mlango, kisha saa yake. "Foleni ni ndefu, mama."

Nyamizi akarudisha mkono. Mtoto aliyempakata alikuwa anachemka kwa homa, jasho likimtiririka hadi machoni. Akampangusa haraka, bila kufikiri.

Kwenye fomu, nafasi ya sahihi ilibaki tupu. Dole lake lilikuwa limejichora, jeusi na kamili, kwenye paji la uso wa mtoto.